Mkono Uliobaki Pichani

Mama Studio alipiga picha na alipiga watu, na kwa kazi zote mbili mkono wake haukuwa na mzaha. Mimi nilikuwa jirani yake hapo Voi kwa miaka mingi. Nilikata vioo na mbao za fremu kwenye chumba kilichopakana na chake, na ukuta kati yetu ulikuwa mabati matupu, kwa hivyo nilisikia kila kitu. Nilimsikia akimwambia bwana harusi ainue kidevu. Nilisikia kofi. Nilimsikia bwana harusi akisema, "Mama, umenipiga!" naye akamjibu, "Na bado hujainua kidevu."

Hakuwa na mwili mkubwa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa raba za kiume na leso iliyofungwa juu ya suruali. Stendi yake ya kamera, ile ya chuma yenye miguu mitatu, aliibeba begani kama jembe, na watu wote wa mtaa wetu walijua ina kazi ya pili. Mumewe wa zamani, aliyempiga miaka yote ya ndoa yao, alikuja dukani siku moja akiwa amelewa, akamshika nywele mbele ya wateja. Mama Studio hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nyuma, akaipata stendi, akamvunja mfupa wa mkono. Halafu akamkokota kwa mkono ule mzima mpaka kwenye tuktuk, akampeleka hospitali mwenyewe. "Huyu nimemvunja mimi," alimwambia daktari. "Mtengenezeni vizuri, ana watoto kwingine wanamtegemea." Polisi walipokuja kumuuliza maswali, aliwajibu yote, kisha akauliza kama wamemaliza, kwa sababu ana harusi Wundanyi na watu wa mlimani hawapendi kungojeshwa.

Mdomo wake ulikuwa kama mkono wake. Alipokasirika kabisa aliacha Kiswahili, akaingia Kidawida, na hapo hata wale wasiokijua walijua wametukanwa. Lakini huyo huyo alikuwa analia harusini. Alilia kila harusi, waziwazi, machozi yakimtiririka jicho moja huku jingine likiwa kwenye kamera. Na alikuwa anaogopa kuku. Kuku akiingia dukani alipanda juu ya kiti na kuniita mimi, "Fundi! Fundi, toa huyu mnyama!"

Kilichomletea jina, zaidi ya makofi, ni picha ndefu. Picha ya shule nzima, walimu kwa wanafunzi na wapishi. Picha ya kwaya zote za dayosisi zikiwa zimejipanga uwanjani. Picha ya kilima cha Sagalla kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na watu wa harusi wamesimama mbele yake. Kamera moja haiwezi kuona yote hayo kwa mara moja, kwa hivyo alipiga vipande, kutoka kushoto kwenda kulia, kila kipande kikimpanda mwenzake kidogo, halafu kompyuta ikaviunganisha. Watu walidhani kazi yote inafanywa na kompyuta. Yeye aliidharau.

"Hii mashine ni mwongo mwenye adabu," aliniambia. "Inakupa kitu kizuri hata kama hakikuwepo."

Basi siku nzima angeuwinda uongo wake. Kama anga lilitoka na mistari, hapa bluu iliyokolea na pale bluu iliyofifia, alijua kamera ilibadilisha mawazo kuhusu mwanga katikati ya kazi, na safari iliyofuata aliifunga isibadilishe chochote. Kama bati la darasa lilikatika na kuruka chini kidogo, alijua amejizungusha yeye badala ya kuizungusha lenzi mahali pake, na hapo alijitukana mwenyewe. Lakini adui wake hasa walikuwa watu wanaotembea. Mtu akisogea kati ya kipande kimoja na kingine, kompyuta haijui imweke wapi. Inamchanganya na yule aliye karibu. Unapata mwalimu mkuu mwenye vichwa viwili, au shangazi wa bibi harusi anayepenyeka kama moshi, ukuta ukionekana kifuani mwake. Hao Mama Studio aliwaita mizuka.

Mwalimu mmoja wa michezo aliwahi kukimbia nyuma ya mistari ya wanafunzi ili atokee mwanzo wa picha na mwisho wake. Mama Studio alimwona kwenye kioo cha kamera. Alimaliza kupiga, akashuka kwenye meza aliyokuwa amesimama juu yake, akavuka uwanja mzima bila haraka, akamzaba kofi mbele ya shule. Wanafunzi walishangilia mpaka kengele ikapigwa. Baadaye alimchapishia mwalimu huyo picha ndogo, yeye na yeye mwenyewe bega kwa bega, na nyuma akaandika: Mapacha wajinga. Mwalimu aliniletea niitie fremu. Nadhani bado anayo.

Kusafisha mizuka ndiyo kazi niliyompendea. Alikuwa anaweka vipande viwili kwenye kompyuta, kimoja juu ya kingine, halafu kwa brashi ya kompyuta anafuta cha juu polepole ili cha chini kionekane. Hapa anachukua mtu mzima kutoka kipande hiki, hapa anamfuta kabisa kutoka kile. Mwanamke asiyeweza kungoja chai ipoe alikaa siku mbili akisafisha sikio la padri pichani. Alipomaliza aligonga bati. "Fundi, njoo na macho yako. Yangu yamechoka."

Nilikuwa naenda na vumbi la mbao mikononi. Naitazama picha mshono kwa mshono, nikiona kasoro naonyesha kidole. Kwa hilo hakuwahi kunipiga. Alikuwa anasema ahsante, kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia kwake pahali pengine popote.

"Mtu mmoja, pahali pamoja," alizoea kusema. "Ama yuko, ama hayuko. Nusu sitaki."

Palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumgusa. Granton alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na alimlea tangu akiwa wa kubebwa. Alikua akawa mwanamume mrefu, mpole wa sura, anayepakia malori ya mkonge, na alipooa alijenga nyumba ya mabati kwenye ile ardhi iliyo nje ya mji ambayo wenye ranchi walisema ni yao na watu walioishi pale walisema ni ya baba zao. Granton akifanya kosa, Mama Studio alimfokea ukuta wangu ukatetemeka, lakini mkono ulibaki mfukoni. Nilimuuliza mara moja kwa nini. "Huyu akinichukia," alisema, "sina mwingine."

Siku ya kubomolewa nilikuwepo. Shemeji yangu alikuwa na nyumba pale, tukaenda kumsaidia kuokoa mabati. Tulikuta tingatinga limeshaanza. Lilikuwa linasukuma nyumba kama mtu anayesukuma sahani mezani, na ndani mlikuwa bado na vitanda. Polisi walisimama kwa mstari. Walinzi wa ranchi, waliokuwa na marungu, ndio waliotangulia mbele ya mashine kuwatoa watu. Wazee waliburutwa kwa mikono. Vijana walirusha mawe, gesi ya machozi ikajibu, na baada ya hapo ilikuwa vumbi, moshi na mayowe, kila mtu akimpiga aliye karibu. Nilimwona mama mmoja akimng'ata mlinzi kidole na kutoachia hata alipopigwa rungu la kichwa.

Mama Studio alikuwa juu ya lori lililojaa magodoro. Kamati ya wakaaji ilimwomba apige picha ndefu ya kwenda nayo kwa wakubwa, ionekane yote kwa pamoja. Mawe yalimpita pande zote mbili. Alikuwa anageuza kamera, anapiga, anageuza, anapiga, kama yuko kwenye mahafali.

Upande wangu wa kulia, mlinzi mmoja alimpiga mke wa Granton rungu la mgongo. Alikuwa na mimba kubwa. Alianguka kwa magoti, kisha kwa uso. Moshi ukapita. Ulipofunguka, mlinzi yule ndiye alikuwa chini, shingo imefunguka, na Mwakio alikuwa ameinama juu yake. Mwakio alikuwa mwendeshaji boda tu, kijana wa Sagalla aliyeleta abiria akanaswa na vurugu. Alikuwa amevaa ile vesti ya kung'aa ya watu wa boda juu ya fulana isiyo na mikono. Alikuwa anamkandamiza mlinzi shingoni kwa viganja vyake, akilia, "Msaada! Jamani, huyu mtu anakufa!" Aliyemkata mlinzi sikumwona.

Jioni hiyo kamati ilitaka picha. Mama Studio alijifungia. Niligonga bati nikauliza kama anataka macho.

"Leo sitaki macho," alisema.

Nilidhani amechoka. Picha ikatoka, na kufika asubuhi ilikuwa kwenye kila simu ya Voi. Ilikuwa kali. Tingatinga katikati, polisi, moshi, watoto wamekaa juu ya masufuria. Kwa siku chache watu hawakuangalia kitu kingine ila ile mashine. Halafu mlinzi akafa hospitalini, na mtu fulani akaivuta picha kwa vidole viwili, upande wa kulia. Pale palikuwa na Mwakio ameinama juu ya mlinzi na vesti yake ya kung'aa. Na kutoka kwenye bega lake la kulia ulitoka mkono usio na nguo, umeinuliwa juu, umeshika panga.

Mwakio alikuja dukani kwa Mama Studio asubuhi iliyofuata, anakimbia kwa miguu, pikipiki ameiacha njiani. Nilimsikia vizuri.

"Mama, huu mkono si wangu."

Nilisikia kiti cha Mama Studio kikisogea.

"Mama, angalia. Mikono yangu yote miwili iko hapa chini, nimeshika shingo ya mtu. Huu hapa, na huu hapa. Huu wa tatu umetoka wapi? Ndugu za yule mlinzi wananitafuta. Waambie. Wewe ndiye uliyepiga."

Niliacha msumeno. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno alikuwa amekosa, na hilo lilinitia hofu kabla hata sijasikia kelele za barabarani.

Walikuwa wengi. Mbele yao alikuwa Mghanga, ndugu wa marehemu mlinzi, makanika mwenye mikono kama ya watu wawili, na nyuma yake wenzake wa gereji wakiwa na mabomba na spana. Mama Studio alimsukuma Mwakio chumba cha nyuma na kusimama mlangoni na stendi yake. Wa kwanza alimpiga ya goti nikasikia linavyolia. Wa pili alimpiga ya mdomo. Wakampita. Walimtoa Mwakio wakimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi, wakamlaza barabarani wakaanza.

Nilijaribu kuingia. Mtu alinipiga bomba la mbavu nikakaa chini, na kutoka pale chini niliona yote. Niliona jinsi mguu wa Mwakio ulivyokunjwa upande ambao mguu haukunjwi. Niliona meno yake. Kuna mtu alikuwa ameshaanza kuviringisha tairi kutoka gereji, na mtu mwingine alikuwa anauliza nani ana mafuta.

Mama Studio alitoka mlangoni akiwa na stendi imepinda. Jiwe lilimpata jichoni. Sauti ya jiwe lile sitaisahau, ilikuwa ndogo, kama yai likivunjika. Akaanguka, akainuka, akatembea kwa magoti kati ya miguu ya watu, akajilaza juu ya Mwakio, mwili mzima, kama anayefunika chombo kisiingie mvua. Walimpiga yeye sasa. Na chini ya kipigo hicho akapiga kelele, na mtaa wote ukasikia:

"Si huyu! Ni Granton! Ni mtoto wangu! Nilimfuta mimi!"

Sidhani walimwamini. Nadhani waliona damu, na mwanamke mzima wa makamo aliyekataa kuachia. Mghanga alimshika kola akamwinua kwa mkono mmoja.

"Unasema nini?"

"Nilimfuta mtoto wangu kwenye picha. Nikasahau mkono."

"Nionyeshe."

Alienda dukani akijishika ukutani, leso ikiwa imebanwa kwenye jicho. Mghanga alimfuata, na mimi nyuma yao nikijishika mbavu. Alikaa kwenye kiti chake. Alifungua picha, akakigusa kile kipande cha juu alichokuwa amefunikia, akakiondoa. Na pale nyuma ya Mwakio, mahali palipokuwa na moshi tu, akatokea Granton. Mzima, kutoka kichwa hadi viatu. Uso wake ulikuwa umeelekea kamera. Panga lilikuwa limeinuliwa, na mkono ulirudi kwa mwenyewe.

Ndipo nikaelewa. Kompyuta ilikuwa imemchanganya Granton wa kipande kimoja na Mwakio wa kipande kilichofuata, mzuka wa kawaida, kitu alichokisafisha kila wiki. Alikaa kuusafisha, akaona ni nani. Akachukua moshi wa kipande kingine akaupaka juu ya mtoto wake, polepole, mpaka akaisha. Kichwa, kifua, miguu. Mkono ulikaa vizuri sana kwenye bega la Mwakio hata jicho lake likauona ni wa Mwakio. Na kwa sababu hiyo moja, siku hiyo, hakutaka macho yangu.

Mghanga alitoa mlio ambao haukuwa neno. Aligeuka kutoka. Mama Studio alikuwa ameshashika simu.

"Granton. Uko wapi? Nyamaza, nisikilize. Nenda polisi sasa hivi. Usipite barabara kubwa, watakuua. Nimekutaja." Akasikiliza. "Ndiyo, mimi. Nenda, baba. Kimbia."

Granton alikimbia, akawahi kufika kituoni kabla ya Mghanga. Mahakamani hakukana. Alisema mlinzi alimpiga mke wake na yeye akaona giza. Alifungwa miaka mingi. Mtoto alizaliwa hai, na mama yake akamchukua kwao Mata asikanyage tena Voi. Mama Studio naye alishtakiwa kwa kile alichokifanya na picha, akapewa kifungo cha nje, akafagia uwanja wa ofisi ya serikali na kitambaa kikiwa kwenye shimo la jicho. Mwakio alilazwa muda mrefu. Akatoka na mguu mfupi, na hakuweza tena kuendesha boda.

Duka lilifungwa. Alipandisha vitu vyake mlimani Ronge, kwenye kijishamba cha upande wa mama yake, na kwa muda mrefu sikumwona. Nilisikia habari zake tu. Kwamba amepigana na jirani juu ya mfereji wa maji. Kwamba amempiga mtu wa kanisa kwa mwiko.

Nilienda mwaka huu, baada ya mvua. Nilimkuta analima mahindi, amekonda, nywele nyeupe. Alinitambua kwa mwendo kabla sijasema.

"Fundi. Umezeeka vibaya."

Tulikaa kwenye benchi mbele ya jikoni. Alinipa viazi na chai. Tulizungumza juu ya bei ya vioo na watu waliokufa. Nilitafuta njia ya kumuuliza kama anaenda gerezani kumwona Granton, akanitangulia. Anaenda. Granton anatoka kuja kuonana naye, anakaa mbele yake, hasemi neno mpaka muda unaisha. "Lakini anatoka," alisema. "Angeweza kukataa."

Kisha akasema, "Mwakio alikuja."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Alipanda huu mlima na ule mguu. Alisimama pale kwenye mgomba, ananitazama tu. Nikamwambia, mwanangu, maneno sina. Nikachukua ule mpini wa jembe nikampa. Nikamwambia, nipige."

Niliweka kikombe chini. "Akafanyaje?"

"Akanipiga." Alivuta blauzi kidogo begani. Palikuwa na kovu pana, limekauka lakini bado na wekundu. "Kwa nguvu, Fundi. Si ya kuigiza. Nilianguka hapo ulipoweka mguu. Nikangoja ya pili."

"Ikaja?"

"Haikuja. Nilisikia mpini unaanguka. Nilipoinuka nilimkuta ameketi, hapo ulipoketi wewe, analia kwa hasira. Sikujua la kufanya. Nikasonga ugali. Bega lilikuwa linawaka, nilisonga kwa mkono wa kushoto, ukatoka na mabonge. Nikamwekea na maharagwe."

"Akala?"

Alitazama shamba kwa lile jicho moja.

"Alikula," alisema. "Hakunishukuru, hakuniangalia. Alimaliza, akasukuma sahani kwangu, nikadhani anaondoka." Aliuma kiazi, akatafuna, akameza. "Akasema, niongeze."